Kitambulisho cha Rehani

Basi lilikuwa limeshaanza kutembea Sajini Mutie alipolifikia pale Olympic, ukingoni mwa Kibera. Lilikwenda polepole, matope yakivuta magurudumu, jeneza limefungwa juu ya keria kwa kamba za katani. Ndani wanawake waliimba. Mutie alipiga bati la ubavuni kwa kofi mara mbili.

“Hii si ya abiria, mzee!” utingo alipaza sauti kutoka mlangoni. “Hii ni ya matanga. Inaenda Ugunja.”

“Mimi si abiria. Ni polisi. Akoth ameketi wapi?”

“Dirisha la tatu. Lakini dereva hasimami, tumechelewa tangu saa moja.”

Ikabidi Mutie atembee sambamba na dirisha la tatu, akiruka madimbwi, na miaka yake hamsini na moja ikimgonga magotini. Mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye vitu vya marehemu. Siku tisa zilizopita, Alhamisi ya mwisho wa mwezi, treni ya mizigo ilimsaga mtu karibu na Laini Saba. Uso haukubaki. Kilichobaki kilikuwa ovaroli la buluu la kiwanda cha blanketi, na mfuko wa kifuani uliokuwa na kitambulisho kilichofungwa kwa nailoni. Lazarus Oluoch, kibarua. Bahasha yake ya mshahara haikuonekana. Mutie mwenyewe ndiye aliyeliandika jina hilo kwenye faili.

“Mama Audrey, pole,” alimwambia Akoth, mjane wa Lazarus. “Nina sahihi moja tu.”

“Hata leo, afande?”

“Hata leo. Usipotia sahihi, vitu vyake vitakaa kwa stoo yetu mpaka vioze.”

Akoth alitia sahihi bahasha ikiwa imeegemezwa kwenye fremu ya dirisha, herufi zikirukaruka na basi. Alichukua kitambulisho bila kukitazama, akakitia kifuani. Alichukua leso. Ufunguo aliugeuza mara moja tu.

“Huu si wetu.”

“Ulikuwa mfukoni mwake.”

“Mlango wetu hauna kufuli tangu Krismasi. Tunafunga na waya. Kwangu kuna nini cha kuibwa?” Aliutupa nje, ukaanguka kwenye matope mbele ya viatu vya Mutie. “Sitaki kitu ya wenyewe kwa safari ya maiti.”

Basi likapata lami, likaongeza mwendo. Mutie aliinama, akaokota ufunguo, akaufuta kwa suruali. Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli ya Kichina, umetiwa kipande cha kamba ya kiatu.

Watu waliokuja kusindikiza walianza kutawanyika. Mmoja hakutawanyika. Alikuwa mtu mnene wa makamo, kofia mkononi, akiangalia barabara kana kwamba basi lingerudi. Mutie alimfahamu. Walubengo, aliyekuwa akiendesha mashine moja na marehemu.

“Afande, Khamala hajashikwa?” Walubengo aliuliza.

Huyo Khamala ndiye mtu ambaye Mutie alikuwa akimtafuta. Alikuwa mfanyakazi wa kudumu hapo kiwandani, tena mtu wa kukopesha wenzake. Lazarus alikuwa na deni lake. Jioni ya mshahara wawili hao walionekana wakitoka getini pamoja, wakishika njia ya reli kwa miguu kama walivyozoea vibarua kuokoa nauli. Tangu hapo Khamala hakuonekana kazini wala kwake Kawangware. Mutie alikuwa amekwisha kuwaandikia polisi wa Bungoma, kwao Khamala.

“Kwani wewe unafikiri ni yeye?”

“Sijui. Pesa yako ikiwa kwa mtu mnasimama mashine moja, unamwona kila saa. Anakunywa chai mbele yako. Anaongeza sukari. Hiyo inaweza kukufanya mtu mwingine.”

“Wewe ulimkopesha ngapi?”

“Nani amesema nilimkopesha?”

“Kwenye basi hukupanda, na kuondoka huondoki, kama mtu anayedai.”

Walubengo alivaa kofia, akaivua tena. “Elfu tatu. Na mama watoto hajui. Aliniambia ni ya hospitali, mtoto amefura miguu. Juzi kwa mkutano wa matanga ndio nasikia mtu wa boila aliambiwa ni ya karo. Yule wa stoo aliambiwa ni ya ng'ombe ya mahari. Kila mtu alinyamaza akidhani ni yeye peke yake. Sasa utamdai mwenzako aje mbele ya watu? Utaitwa mchoyo. Na nikachanga tena mia mbili ya sanduku.”

“Pole.”

“Lakini alikuwa mtu wa kuchekesha, siwezi kudanganya. Saa ya lanchi akinunua mahindi ya kuchoma tulikuwa tunaacha kula tumtazame. Walimtoa meno sita ya chini akiwa kijana, mila ya kwao. Sasa hindi analipeleka kwa kona ya mdomo, hivi, kama mtu anapuliza filimbi.”

Mutie alimwonyesha ufunguo. “Kazini mna makabati ya kufunga?”

“Sisi? Tuna misumari kwa ukuta.”

Mutie aliutia ufunguo mfukoni. Saa ilikuwa nne na nusu. Hakuwa amekula tangu jana mchana, na faili la Khamala lilikuwa bado na ukurasa mmoja mtupu: nyumba ya mshukiwa kupekuliwa mara ya pili. Alivuka Ngong Road kwa miguu, akashika njia ya Gatina, upande wa Kawangware.

*

Nyumba ya Khamala ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, kwenye jengo la mawe ambalo halijapigwa plasta. Mkewe, Nasike, alikuwa ameketi kwenye veranda akichambua maharagwe. Mlango nyuma yake ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Alikuwa ametoka tu kuteka maji na kununua hayo maharagwe, hajafungua bado, mtungi ukitiririka.

“Umekuja tena kumtafuta bwana yangu chini ya kitanda?” alisema bila kuinuka. “Safari hii lete tochi.”

“Nimekuja kuuliza maswali machache, mama.”

“Mimi ndiye nilikuja kwenu kuuliza. Mara nne. Mara ya kwanza mwenzako akaniambia ameenda kwa bibi mdogo. Mara ya pili wakacheka. Mara ya tatu nikaambiwa mume wangu ni muuaji. Mara ya nne niliambiwa nikae kwa benchi, nikakaa mpaka taa zikawashwa. Leo ndio nimepanda bei, mmenijia nyumbani.”

Mutie alitazama ile kufuli. Ilikuwa ndogo, ya Kichina. Alitoa ufunguo mfukoni, akauingiza. Kufuli ikaruka wazi.

Nasike aliinuka, na maharagwe yote yakamwagika.

“Huo umeutoa wapi?”

Mutie aliifunga kufuli, akaifungua tena.

“Afande, nakuuliza. Kufuli hii ilikuja na funguo mbili. Mmoja ni huu wangu. Wa pili una kamba ya kiatu chake cha zamani. Umeutoa wapi?”

“Ulikuwa kwa mfuko wa mtu aliyekanyagwa na treni.”

“Lazaro?”

“Tuingie ndani, mama. Keti kwanza.”

Hakuketi. Aliingia, akasimama katikati ya chumba na mikono kichwani. Mutie alisimama mlangoni. Alizoea kuuliza swali la pili haraka kabla mtu hajaanza kulia, na hivyo ndivyo alivyofanya.

“Alipokopesha watu, waliandikiana?”

“Hapana. Alisema karatasi inapotea. Yeye alishika vitambulisho.” Nasike alivuta mkebe wa mafuta ya Kimbo kutoka uvunguni, akaufungua mfuniko. Ndani mlikuwa na vitambulisho vinne. “Hawa watatu ni vibarua. Kibarua bila kitambulisho karani hampi bahasha kwa dirisha. Kwa hivyo mwisho wa mwezi Khamala anaenda na kitambulisho cha mtu, anampa palepale kwa foleni, anasimama nyuma yake. Mtu akipokea, anamkatia Khamala sehemu yake, anamrudishia kitambulisho. Mpaka deni iishe.”

“Alhamisi ile alibeba cha nani?”

“Cha Lazaro. Alikifunga kwa nailoni kwa sababu ya mvua. Alikitia hapa.” Aligusa kifua.

Mutie aliinama juu ya mkebe. Vitatu vilikuwa vya watu asiowajua. Cha nne kilikuwa cha Khamala mwenyewe.

“Hiki kwa nini kiko hapa?”

“Yeye ni wa kudumu, mshahara wake unaenda benki. Dirishani hakihitaji. Hakutaka kitembee na cha mwingine kwa mfuko mmoja.” Alikichukua kutoka mkononi mwa Mutie. “Si hiki ndicho niliwaletea mara ya tatu? Si niliwaambia, mtu anatorokaje Nairobi akiacha kitambulisho kwa nyumba? Atapita kizuizi gani? Mwenzako alisema nimekificha mwenyewe.”

“Bwana yako alikuwa na meno yote?”

“Meno?”

“Ya chini.”

“Yote. Alifungua soda nayo.” Alikifumbata kile kitambulisho. “Afande, mmempeleka wapi mtu wangu?”

Mutie alitazama saa yake. “Yuko juu ya basi,” alisema. “Kesho saa nne watamzika Ugunja. Akishafukiwa, kumfukua ni mpaka jaji aandike, na jaji anaweza kuandika mwaka ujao.”

*

Kibanda cha simu kilichokuwa kizima kilikuwa mbele ya kanisa. Mutie alipiga mochari kwanza. Mhudumu wa zamu alikuwa Kavoi, mtu wa Machakos kama yeye, na walifahamiana.

“Yule wa reli uliyemtoa asubuhi. Taya la chini lilikuwaje?”

“Lilikuwa zima. Juu ndiko kulikuwa kubaya. Nilimfunga bandeji mimi.”

“Meno?”

“Yote yako.”

“Anakwenda kuzikwa kwa jina la mtu asiye na meno sita, Kavoi. Hukuona?”

“Bado hajazikwa, na mimi naulizwa jina, ndugu yangu. Siulizwi meno. Jina mliliandika nyinyi.”

Mutie alitia sarafu nyingine, akapiga kituoni. Koplo Sella ndiye aliyekuwa kwenye dawati la ripoti.

“Sella, ita kizuizi cha Nakuru kwa redio. Basi la matanga, la rangi ya kijani, jeneza juu. Lilitoka Olympic saa nne na robo. Walisimamishe, wasiliache kwenda. Wasiwaguse watu, wasimguse mjane. Wawape maji.”

“Afande, na mkubwa akiuliza ni kwa amri ya nani?”

“Mwambie nilikosea jina. Mimi.”

“Niseme hivyo hivyo?”

“Hivyo hivyo. Na sikiliza. Jana usiku mlifanya msako Kibera?”

“Kibera na hapo Kawangware. Lori mbili. Watu ishirini na tatu hawana vitambulisho.”

“Wangapi wamebaki?”

Alisikia kurasa zikifunuliwa. “Mmoja. Wengine wamejiwa na jamaa zao tangu alfajiri, wameletewa vitambulisho, wameachiliwa. Huyu hakujiwa na mtu.”

“Amejiita nani?”

“John. Ukimuuliza John nani, anasema John tu.”

Mutie aliegemea kioo cha kibanda. Nje, Nasike alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa, mkebe mapajani. Kama mtu yule wa seli alikuwa Lazarus, hakuwa na kitambulisho kwa sababu kilikuwa kimerudi kwenye mfuko wa aliyemdai. Na hakuna jamaa aliyekuja kumtafuta, kwa kuwa jamaa zake wote walikuwa wamepanda basi kwenda kumzika. Akoth hakuwa ndani ya mchezo huo. Mwanamke anayeficha jambo angeuchukua ule ufunguo na kunyamaza.

“Usimtoe,” alimwambia Sella. “Nakuja.”

*

Njiani alinunua mahindi mawili ya kuchoma. Moja alilila akitembea. Lilikuwa gumu na baridi. La pili alilipitisha katikati ya vyuma vya seli.

Yule mtu alikuwa amejikunja pembeni, ndevu za siku tisa, koti la kuokota juu ya suruali ya buluu. Alilitazama hindi muda mrefu. Halafu njaa ikamshinda. Aliligeuza, akalipeleka kwenye kona ya mdomo, kichwa kimeinama upande.

Mutie alimwacha ale mistari miwili.

“Lazaro,” alisema.

Taya likasimama.

“Basi lako limesimamishwa Nakuru. Hutazikwa kesho.”

“Afande, mimi naitwa John.”

“Nimetembea tangu asubuhi, omera, ndugu yangu. Usinichoshe zaidi. Akoth alilia mpaka sauti ikaisha. Audrey amevaa kitambaa cheusi. Niambie ilivyokuwa, ama nikaandike vile wenzako wa kiwanda watasema.”

Lazarus aliliweka hindi sakafuni, akapangusa mikono kwa suruali.

“Alinikopesha elfu nane,” alisema. “Kuna mtu wa ofisi alisema kazi ya kudumu inanunuliwa. Nikampa. Baada ya mwezi mtu huyo akahamishwa, na sikujua ameenda wapi.”

“Na za wengine?”

“Za kulipa za kwanza. Unakopa hapa unaziba pale. Wote ni watu wa kiwanda, sijui watu wengine Nairobi hii.”

“Siku ya treni.”

“Alinipa kitambulisho kwa foleni, nikapokea, akakichukua tena. Alitaka elfu mbili. Bahasha yangu ilikuwa na elfu mbili na mia nne. Nikamwambia, tusihesabu hapa getini, Walubengo anatuona, tukahesabie mbele. Alikubali. Alikuwa mtu mzuri huyo, hakutaka kunitia aibu. Tulipofika Laini Saba nikamwambia nitampa mia tano.”

“Akasemaje?”

“Alisema na yeye ana mke. Alisema mkewe alikuwa anaweka hiyo pesa ya cherehani. Akanishika mkanda. Nikamsukuma aniachie. Nilimsukuma tu, afande. Treni ilikuwa imepiga honi, sote tuliisikia, lakini mtu akidai na mwingine akidaiwa hakuna anayesikia honi.”

“Ukakimbia.”

“Nilikimbia mpaka Dagoretti. Nilikuwa nirudi Jumamosi, nijipeleke. Nikapita kibanda cha chai, nikasikia mama mmoja anasema, yule Lazaro wa Akoth amekanyagwa, maskini. Nilijishika kichwa kuhakikisha kiko. Halafu nikakaa pale kwa mtaro nikaona, Mungu amenilipia madeni.”

“Na Akoth?”

“Ningemtumia mtu baada ya mazishi.”

“Umwambie nini? Kwamba amezika Mbukusu wa watu kwa boma la babako? Ungerudi kijijini siku gani, na kaburi lako liko mbele ya nyumba?”

Mutie alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa, na sauti ya Sella ikimwambia Nasike, keti hapa mama, leo hutangoja. Alipekua mfukoni akatafuta kalamu, akakuta wino umekauka, akaenda kuazima nyingine.

*

Basi lilisimamishwa saa saba na robo, kabla ya kuingia Nakuru. Waombolezaji walikaa kwenye nyasi mpaka jioni. Marvin, nduguye Lazarus, alitaka kupigana na polisi, halafu alipoelezwa akaomba arudiwe maelezo, na ya pili hakuyasikiliza. Mwenye basi hakurudisha pesa za kukodi.

Khamala alirudishwa mochari, akaandikwa jina lake. Alizikwa kwao, nje ya Webuye, Jumamosi iliyofuata. Barua iliyomtaja kuwa mshukiwa ilifutwa. Hakuna aliyemwandikia Nasike barua ya kumwomba msamaha. Koplo Sella alimwomba kwa mdomo.

Nasike alienda kiwandani na mkebe. Aliwarudishia vibarua watatu vitambulisho vyao mbele ya wote, kila mmoja na kiasi alichodaiwa kimetajwa kwa sauti. Wawili walilipa. Wa tatu aliacha kazi wiki hiyo. Nasike alinunua cherehani ya mitumba, akakaa Gatina mwaka mmoja, kisha akahamia Kitale.

Walubengo hakupata elfu tatu zake. Alidai arudishiwe mia mbili za mchango wa jeneza, akaambiwa jeneza limeshatumika.

Mutie alipewa barua ya onyo kwa kuandika jina la maiti bila kuthibitisha. Alihamishiwa Garissa, akastaafu huko kabla ya wakati kwa sababu ya magoti.

Lazarus Oluoch alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akafungwa miaka saba. Jaji alimhesabia pia kujificha.

Akoth alirudi Laini Saba na mtoto, akaanza kuuza omena. Hakwenda gerezani hata siku moja. Akiulizwa mume yuko wapi, husema alikufa kwa reli.